Ndoo ya Maganda Haitaliokoa Embe la Tarasaa

Siku hizi ukitupa ganda la embe mbele ya mtu aliyetoka semina, utaonekana umetupa mali. Utaambiwa uliokote, ulikatekate, ulitie ndooni pamoja na sukari na maji, ufunike, usubiri miezi mitatu. Kitakachotoka, wanasema, kitaosha vyombo, kitapiga deki, kitaondoa harufu ya choo, kitaua vijidudu, kitarutubisha shamba, na kitakachosalia kinaweza kumwagwa mtoni ili mto nao usafike. Juu ya hayo, kina mama watapata cha kuuza, na maembe yanayoozea chini ya miti kila msimu, huku kwetu delta ya Tana, kuanzia Tarasaa hadi Ngao, Oda na Garsen, yatapata kazi.

Nasema ndoo hiyo ina kazi moja au mbili ndogo za haki, na mengine yote ni porojo. Porojo hiyo, mahali kama Tarasaa, si ya kucheka na kupita. Inawatoa watu pesa, inawachotesha maji, na siku ya maradhi inaweza kuwaua.

Kanuni inayosambazwa kwa simu, ya sehemu moja ya sukari, tatu za maganda na kumi za maji, ilitoka Thailand. Anayetajwa kuwa mwanzilishi wake ni Rosukon Poompanvong, na kutoka huko ikaenea Malaysia, India na kwingineko. Wanaoieneza hawaishii kwenye usafi. Wengi huongeza kwamba ndoo ikichacha hutoa gesi ya ozoni na kuipoza dunia. Haitoi. Kinachofuka humo ni hewa ya ukaa, ile ile inayoumua unga wa mahamri. Mtu anayekuambia ozoni inapikwa na chachu jikoni kwako, ni halali kumshuku pia anapokuambia habari za vijidudu.

Na hayo yanayotokea ndani ya ndoo si siri kwa mtu wa Tana. Chachu inakula sukari na kutoa ulevi. Kisha bakteria wanauchukua ulevi huo na kuugeuza siki, mradi wapate hewa. Mgema wa mnazi, au wa tembo la mkoma, analijua jambo hili bila kufundishwa na mtu wa Bangkok: tembo la asubuhi tamu, la jioni kali, likiachwa siku kadhaa ni siki. Naye hakununua sukari. Ajabu ni kwamba kanuni ya semina inataka chombo kifungwe barabara, kifunguliwe kidogo tu ili gesi isikipasue, ilhali bakteria wa siki hawafanyi kazi bila hewa. Mara nyingi basi anachopata mama wa watu ni pombe hafifu iliyochacha nusu. Chifu akipita mwezi wa kwanza, mama huyo itambidi ajieleze.

Wanaosema maji haya ni ya bure hawajawahi kuitoa sukari hiyo mfukoni mwao, au wamenunuliwa na mradi. Chukua ndoo ya nyumbani: lita 10 za maji, kilo 3 za maganda, kilo 1 ya sukari. Ganda ni karibu asilimia 15 hadi 20 ya uzito wa embe, kwa hiyo ili upate kilo tatu itabidi umenye embe kubwa kama arobaini. Kilo ya sukari miaka ya karibuni imewahi kucheza kati ya shilingi 140 na 200. Hiyo ni chai ya nyumba kwa siku kadhaa. Ukienda dukani na pesa hizo hizo utarudi na sabuni ya kipande itakayofua leo jioni. Wapo wanaojitetea kwa sukari guru, kwamba ni rahisi zaidi. Hata kama ni kweli, rahisi si bure, na maji bado yamebebwa kichwani na mtu.

Tuseme lakini umenunua, umesubiri, umechuja. Una nini mkononi? Una tindikali hafifu yenye rangi ya chai na harufu kati ya siki na tunda lililoiva kupita kiasi. Kazi yake ya haki ni hii: maji ya visima vingi vya Pwani yana chokaa, na birika linalochemshwa kila siku hujenga utando mgumu mweupe ndani. Tindikali huula utando huo. Hufuta madoa ya maji kwenye kioo, hupunguza kutu, hukata shombo ya samaki mikononi. Bibi zetu walifanya yote hayo kwa kipande cha ndimu kilichokwisha kukamuliwa, au kwa ukwaju, wakasugua sinia ya shaba kwa kumbi la nazi na mchanga hadi ikang'aa. Ndimu iliyokamuliwa ni taka ya tunda vile vile. Haikusubiri miezi mitatu, wala hakuna aliyeiandikia mradi.

Mafuta ni habari nyingine. Sufuria iliyopikiwa samaki wa nazi haisafishwi na tindikali hafifu. Kinachoweza mafuta ni sabuni, kwa sababu chembe yake ina mkono mmoja unaoshika mafuta na mwingine unaoshika maji, na maji yakienda huenda na vyote viwili. Kwa njia hiyo hiyo sabuni huuvunja ule utando wa mafuta unaovizunguka virusi kama vya korona. Ndiyo maana mwaka 2020 dunia nzima iliambiwa inawe kwa sabuni, haikuambiwa inawe kwa siki.

Kuna ushauri mwingine unaonikera zaidi, wa kuchanganya maji ya maganda na sabuni ili "kuipa nguvu". Ujaribu mwenyewe. Kwangua sabuni ya kipande, ikoroge katika maji moto hadi yawe meupe, kisha mimina siki. Itakatika papo hapo na vipande vya mafuta vitaelea juu. Tindikali imeivunja sabuni na kuirudisha karibu na mafuta yaliyoitengeneza. Ulikuwa na vitu viwili vinavyofanya kazi, sasa huna hata kimoja.

Wanaojua kidogo hunijibu kwa ganda la chungwa. Hapo wana hoja. Ganda la chungwa na la ndimu lina mafuta yaitwayo limonini, ambayo huyeyusha grisi kweli, na viwanda vya juisi huyakamua na kuyauza. Lakini Tarasaa haililii machungwa, inalilia maembe, na ganda la embe halina utajiri huo. Lina utomvu, ambao kila mtoto aliyepanda mwembe na kurudi na vipele mdomoni anaujua. Wapo watu ambao ngozi zao huuchukia hasa. Hao ndio tunaowashauri wazamishe mikono humo kila siku wakiosha vyombo?

Taka ya tunda inayotoa sabuni halisi ipo, nayo ni ganda la ndizi. Wapokomo wamelima ndizi kandokando ya mto vizazi na vizazi. Ganda likikaushwa na kuchomwa hadi liwe jivu jeupe, jivu hilo huwa na potashi nyingi. Litie katika chombo chenye matundu chini, mimina maji taratibu, kinga yanayodondoka, yachemshe yapungue, kisha yapike na mafuta ya nazi. Utapata sabuni laini inayotoa povu na kung'oa mafuta. Ghana na Nigeria sabuni nyeusi inayouzwa hadi Ulaya ilianza hivyo, kwa jivu la maganda ya ndizi na ya kakao. Si mchezo wa watoto, kwa sababu maji hayo ya jivu yakikolea huchoma ngozi na macho. Wala sitamwahidi mtu utajiri, maana mafuta ya nazi ni ghali na watu wanayala. Lakini ni sabuni. Sijasikia semina ikiisifu. Nadhani ni kwa kuwa jivu lina sura ya umaskini, ilhali ndoo ya semina ina sura ya maendeleo.

Sasa vijidudu. Hapa siwezi kuwa mpole.

Delta ya Tana ni nchi ya mafuriko. El Nino ya 1997, kisha 2018, kisha mvua za mwisho wa 2023, kisha masika ya 2024. Kila mara mto hutoka, vyoo hufurika, visima huchanganyika na vyoo, na watu hukimbilia sehemu za juu na kubanana. Mei 2024, maji yakiwa bado hayajakauka, wagonjwa wa kipindupindu waliripotiwa katika kaunti hii ya Tana River. Kwa hiyo mtu anaposimama mbele ya kina mama wa Tarasaa na kusema maji ya maganda "yanaua vijidudu vyote" na yanaweza kushika nafasi ya Jik, ile dawa ya klorini ya dukani, hatoi ushauri wa urembo wa nyumba. Anazungumzia sakafu ambayo mgonjwa ametapikia.

Nitawapa wapinzani wangu hoja yao bora, kwa sababu wao wenyewe huwa hawaijui. Kimelea cha kipindupindu kinaogopa tindikali. Ndiyo sababu mtu mwenye tumbo lenye asidi ya kutosha anahitaji kumeza vimelea vingi mno kabla ya kuugua. Guinea-Bissau, katika mlipuko wa miaka ya 1990, watafiti waliona kwamba waliotia ndimu katika mchuzi wa wali waliugua kidogo kuliko wasiotia, na maabara ikathibitisha kwamba ndimu ilikiua kimelea chakulani. Ni utafiti mzuri. Pwani, ambako ndimu haikosekani mezani, tungeutangaza zaidi.

Lakini angalia ulihusu nini. Ulihusu ndimu mbichi yenye ukali wake wote, ndani ya chakula kinacholiwa. Haukuhusu kikombe cha maji ya maganda yasiyojulikana ukali, kikizimuliwa katika ndoo ya maji ya deki, kikapitishwa juu ya matapishi na kinyesi. Kwa kazi hiyo wahudumu wa kambi za kipindupindu wana vipimo: klorini ya asilimia 0.05 kwa mikono, na ya asilimia 2, mara arobaini ya hiyo, kwa matapishi na kinyesi. Vipimo hivyo vina maana kwa sababu mhudumu anajua chupa yake ina nguvu kiasi gani. Ndoo ya jirani yako ina nguvu gani? Ya kwake na ya kwako haziwezi kulingana: embe si moja, sukari si moja, joto si moja, na huyu alifungua kifuniko kila siku, yule alisahau.

Na ipo hatari ambayo haitajwi katika semina, nami ningetaka itajwe kabla ya kanuni yenyewe. Jik ikikutana na tindikali hutoa gesi ya klorini. Ndiyo gesi iliyorushwa kwa askari Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Mama aliyefundishwa kwamba maji ya maganda ni ya asili na hayana madhara, akiamua kuyaongezea Jik kidogo ili choo kisafike sawasawa, kisha akafunga mlango na kuinama kusugua, mapafu yake ndiyo yatakayolipa.

"Lakini hayana kemikali," utaambiwa. Siki ni kemikali, chumvi ni kemikali, maji ni kemikali. Swali la maana ni kitu kinafanya nini na kwa kiasi gani. Tindikali ya asili huila sakafu ya saruji na ukuta wa chokaa sawasawa na ya kiwandani. Na kama ni kwenda kwa asili, mkunazi unajiotea. Majani yake yameogesha wazima na maiti katika Pwani hii kwa karne nyingi, yana povu lake, hayataki sukari.

Habari ya kuumwagia mto nitaipitia haraka, maana ni upuuzi mtupu. Maji yenye mabaki ya sukari, ulevi na maganda yaliyooza yakiingia mtoni au ziwani, bakteria wa majini huyashambulia na katika kuyala wanatumia oksijeni ambayo samaki anaihitaji. Tana yenyewe ni mto mkubwa, hautatambua. Ziwa Shakababo au Bilisa wakati wa kiangazi, maji yakiwa yamepungua, ni jambo lingine. Kamongo atapona, kwa kuwa anapanda juu kuvuta hewa. Perege hana bahati hiyo.

Nimeacha embe mwisho kwa makusudi, kwa sababu ndilo linalonisukuma kuandika.

Hoja inayotembea ni kwamba maembe ya Tana yanapotea kwa sababu watu hawajui kutumia taka, na kwamba wakifundishwa kuongeza thamani kwa njia ya ndoo, hasara itakwisha. Ukienda shambani Januari utaona kinachooza ni nini. Maganda huliwa na mbuzi kabla hayajakauka. Kinachooza ni embe zima, Boribo, Dodo, Batawi, limelala chini ya mti wake na nzi juu yake. Hesabu ya ndoo haiwezi kulifikia. Tani moja ya maembe kwa kanuni ile inataka kilo 333 za sukari, ambazo kwa shilingi 150 ni karibu shilingi 50,000. Inataka mitungi 167 ya maji ya lita 20. Inataka ndoo zaidi ya 300 zikae miezi mitatu mahali penye kivuli. Hiyo ni tani moja. Lori la tani saba linataka sukari zaidi ya tani mbili. Mkulima aliyeshindwa kuuza embe lake kwa shilingi chache anaambiwa akope pesa akanunue sukari, ili alibadilishe kuwa maji ya deki.

Embe la Tana linaoza kwa sababu linaiva kwa pamoja, kati ya Novemba na Machi, wakati ule ule Kilifi na Kwale nao wamejaa. Linaoza kwa sababu Malindi ni zaidi ya kilomita 100 kutoka Garsen na mwenye lori ndiye anayetaja bei, akijua mwenye embe hana chumba cha baridi wala siku tatu za kusubiri. Linaoza kwa sababu viwanda vya juisi hupendelea Ngowe, wanunuzi wa nje hutaka Apple, Kent na Tommy, na miti mingi ya delta ilipandwa na mababu waliotaka embe la kula. Na linaoza kwa sababu ya nzi wa matunda kutoka Asia aliyegunduliwa nchini mwaka 2003, akianzia huku huku Pwani. Jike hutaga chini ya ganda, funza hula nyama, tunda huanguka, funza hutoka na kuingia mchangani, kizazi kingine kinaruka. Ni nzi huyo aliyeifanya Kenya ijizuie yenyewe kupeleka maembe Ulaya mwaka 2014, na mlango haukufunguliwa tena hadi 2021.

Wataalamu wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, wamekuwa wakieleza dawa yake kwa miaka: mitego yenye chambo cha kuwavuta madume, na kuokota kila tunda lililoanguka, kulizika kwa kina au kulifungia katika hema lenye wavu mdogo, ambao nzi hawezi kupenya ila nyigu wadogo wanaomuua wanapita. Kuokota matunda, basi, ni kazi yenye faida kubwa kwa shamba. Lakini inafaa mtaa mzima uifanye kwa pamoja, kwa sababu nzi hajui mpaka wa shamba. Siku mbili za semina ya ndoo zingetosha kuifundisha. Zingetosha pia kufundisha kukausha embe kwa jua la kiangazi, ambalo huku halikodishwi, au kuwakalisha wakulima wa Tarasaa na Ngao na wafugaji wa Orma na Wardei wanaoleta ng'ombe delta miezi hiyo hiyo ya ukame, wakubaliane bei ya maembe yasiyouzika yawe chakula cha mifugo. Katika eneo ambalo mkulima na mfugaji wamewahi kuuana, kama mwaka 2012, biashara ya namna hiyo ingekuwa na faida ya ziada.

Kwa nini basi ndoo inapendwa hivi? Kwa sababu ni rahisi kwa anayefadhili. Barabara ni ghali, chumba cha baridi ni ghali, na ushirika wa wakulima wenye sauti mbele ya mwenye lori ni jambo la miaka. Ndoo inapigwa picha siku hiyo hiyo. Pia inauhamisha mzigo: embe likioza, kosa ni la mama ambaye hakulitia ndooni.

Nabaki na wanaosema, haya yote tisa, la kumi kina mama wanauza na wanapata. Vikundi vya kina mama Pwani vinauza sabuni ya maji, ndiyo. Imetengenezwa kwa ungarol, ile malighafi ya povu, pamoja na chumvi, rangi ya manjano na manukato ya ndimu ambayo hayajaiona ndimu. Ni sabuni, inafanya kazi, sina neno nayo, isipokuwa pale inapowekwa katika chupa ya soda bila maandishi na mtoto akainywa. Maji ya maganda yanauzwa katika chupa hizo hizo, bila alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango, kwa ahadi kubwa zaidi. Anayetaka kuyauza na ayauze. Nitaomba tu abandike karatasi yenye maneno haya: "Ya kutoa chokaa kwenye birika na madoa kwenye kioo. Si sabuni. Hayaui kipindupindu. Usichanganye na Jik." Kisha aiweke bei yake, iwe ni pamoja na sukari na ile mitungi ya maji, tuone nani atanunua chupa ya pili.